Duara Lilibadilishwa Jina, King'ora Hakikuambiwa

Jumatano, Mwakitolyo. Jua kali tangu asubuhi, vumbi la karasha, mashine yetu ya kusaga mawe, limeingia mpaka kwenye chai, na moyo wangu umechafuka kuliko chai yenyewe.

Nimechoka na mashine zenye adabu.

Duara langu, yaani shimo letu la dhahabu, lina maji chini. Pampu ikizimika, maji yanapanda. Mjukuu wangu Kabula, aliyesomea umeme mjini, akafunga vidude vyake. Pampu haimpigii mtu simu. Ikizimika inatangaza habari yake kwenye kisanduku kilichoko kibandani kwangu, ikitaja jina la duara. King'ora nacho kimejiandikisha kwenye kisanduku hichohicho: habari yenye jina lile ikiingia, kinapelekewa, kinalia. Pampu haijui nani anasikiliza. King'ora hakijui nani amesema. Kabula alinieleza hayo kwa furaha kama mtu anayetangaza harusi.

Sasa, duara liliitwa Mateso. Wiki iliyopita likatema dhahabu. Hapa kwetu duara likishatema haliachwi na jina la shida, utaifukuza bahati. Tukachinja mbuzi, tukaliita Neema. Nikamwambia Kabula abadilishe na kwenye mashine. Akaniomba siku moja ajaribu kila kitu kabla watu hawajashuka. Nikamjibu dhahabu haingoji wasomi.

Akabadilisha kwenye pampu. Kabla hajafika kwenye king'ora nikamwita aje kuangalia umeme wa karasha.

Leo saa nne pampu imezimika. Ikatangaza Neema, Neema, Neema. King'ora kimekaa pale kinangoja Mateso.

Mwanangu Masanja alikuwa chini na wenzake wawili. Maji yalipowafika kiunoni wakaanza kugonga mwamba kwa nyundo, mpaka mtu wa winchi akasikia, akawavuta. Vijana wa juu wakacheka kwamba Masanja kabatizwa mara ya pili, safari hii bila padre. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, akaniuliza tu, "Mama, mbona hakijalia?"

Nikamgeukia Kabula. Nilimsema mbele ya kundi zima, nikataja na ada niliyomlipia. Hakulia. Alifungua kompyuta yake, akasoma, akasema taratibu, "Bibi, pampu ilisema. Kisanduku kikapokea. Ila hakuna aliyejiandikisha kusikia Neema, kwa hiyo hakikumpelekea mtu."

Hakikumpelekea mtu. Watu watatu wanazama, chenyewe kimetulia.

Sisi Wasukuma ng'ombe wakiibiwa mtu hupiga mwano, na kila anayesikia hilo yowe hutoka na fimbo, hata mgeni mpita njia. Hakuna anayesema hakujiandikisha. Na mpiga mwano akiona kimya, hapigi mara moja akaenda kulala. Hukimbilia nyumba ya pili, ya tatu, anagonga milango. Pampu imesema, ikaridhika.

Nimesonya siku nzima. Nimeisonya pampu, nimekisonya kisanduku, nimemsonya Kabula. Jioni nikabaki sina wa kusonya.

Ile siku moja aliyoiomba, mimi ndiye niliyemnyima.

Masanja hajui. Anadhani mtoto wa dada yake kazembea, na tangu mchana hajamsemesha. Kabula angeweza kunitaja. Hajanitaja. Amesonga ugali, ametunawisha mikono.

Bibi mzima wa umri huu, nimejificha nyuma ya mtoto.

Kesho asubuhi mtu hashuki. Kwanza nitasema mbele ya wanaume walewale kwamba haraka ilikuwa yangu. Halafu Kabula ataizima pampu makusudi, na tutasimama pale wote mpaka nisikie king'ora kwa masikio yangu mwenyewe. Kisipolia hakuna kazi, hata dhahabu iwe inaonekana kwa macho.

Na Masanja akitaka kunisonya, anisonye. Nitasimama nisikie.