Jumamosi Tulipolitoa Gari Lako

Obedi ndugu yangu,

Usicheke mwandiko. Mimi shule niliiacha la sita, ila Lusaka, Lubumbashi, hadi Durban kote nimelala, na hakuna aliyeniuliza cheti.

Tangu sukari ikuchukue sasa ni miezi minne. Hapa Tunduma wapo wanaosema ulikufa kwa ajali, maana hawaamini mtu aliyependa magari vile anaweza kufa kitandani. Nimechoka kuwarekebisha.

Gari lako, ile Kresta, lilikaa uani chini ya turubai. Kuku wakaanza kutagia humo. Akaja mnunuzi kutoka Nakonde, akarudi tena, ndipo mkeo akaniita. Mama Neema unamjua, hapandishi sauti. Akasema, "Shemeji, sitaki kaburi la pili hapa uani. Gari litembee, au liondoke."

Nikamwambia aniachie mimi. Nikawapigia simu wote, kama ulivyokuwa ukifanya: Jumamosi, baada ya sala ya isha ili Hamisi wetu wa Tanga asikose msikiti, tukutane kituo cha mafuta, twende taratibu hadi njia panda ya Mbozi Mission, tunywe chai, turudi. Bia hakuna, mashindano hakuna. Yakaja magari sita. Nilijisifu, Obedi, sikufichi. Nilivaa hata lile koti la ngozi la Johannesburg.

Nilipanga Hamisi aendeshe lako, lake aliache kituoni. Mama Neema akagoma kutoa ufunguo. Akaingia mwenyewe, akavuta kiti mbele, akawasha. Kumbe ulikuwa ukimfundisha alfajiri kwenye uwanja wa mpira, na mimi rafiki yako tangu tukiwa na kaptula za viraka hukuniambia. Hilo tutaliongea tukionana.

Sasa kosa langu. Wewe ulikuwa na desturi yako: gari la mwendo wa pole kuliko yote litangulie, sisi tulifuate kwa mwendo wake, mwenye injini kali afunge msafara. Sikuisahau. Ila nilikuwa na gari jipya kutoka Japani, nikataka watu wa Mpemba wauone mgongo wake. Nikatangulia. Wengine nao wakaniandama.

Kufika Vwawa nikatazama kioo. Taa za Hamisi zipo, za wenzake zipo. Za Kresta hakuna.

Tukageuza. Njia nzima nilikuwa nachungulia kila gari lililoegeshwa. Tulimkuta kabla ya Ihanda, ameegesha pembeni vizuri, taa za tahadhari zinawaka, amejifunika khanga mabegani. Gari lilikuwa zima. Malori yalikuwa yameingia katikati yetu, akabaki peke yake gizani, hajui tulikoishia.

Hakugomba. Alisema tu, "Baba Neema aliniambia huwa mnatembea pamoja."

 Ndugu yangu, nilijua kabisa kwamba sasa atakubali kuliuza, gari lako livuke mpaka kwenda Nakonde, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeliuza.

Nikamwambia, "Nisamehe, shemeji. Tangulia." Nikarudi nyuma, nyuma kabisa ya wote.

Tulikwenda mwendo wa arobaini. Bodaboda aliyepakia magunia ya mahindi alitupita, akatupungia mkono kwa huruma. Hamisi alicheka hadi gari likamzimikia. Milimani huko baridi kali, vioo tumeteremsha, na mngurumo wa magari yote ulikuwa mmoja. Zamani sikuwahi kuusikia, maana kila mara nilikuwa nasikiliza injini yangu tu.

Chai tuliikuta imepoa. Mama Neema aliimimina mwenyewe, vikombe vyote, akaanza na mimi. Nikainama kama natafuta sukari.

Mnunuzi wa Nakonde alirudi Jumatatu. Akaambiwa gari lina kazi.

Mwezi ujao tunashuka Kamsamba, na njia kaichagua Mama Neema. Nilimwonya kwamba joto la kule litachemsha rejeta. Akanijibu nibebe maji. Madumu nimeshanunua. Kuku nao wamehamishiwa banda jipya, wanalalamika.

Basi pumzika, Obedi. Huku uani kwako pana ngurumo tena. Nakuahidi, na hapa sijisifu: popote tutakapokwenda, sitafika kabla ya Mama Neema.

Wako,
Japheti