Nilimutaja Muuaji Mbele ya Siku Yake

Mama Espérance wa redio, salamu nyingi toka hapa Baraka. Nakusikiliza kila wiki na sijawahi kukuandikia, juu shida zangu zilikuwa za kawaida, lakini hii imenishinda na nakuomba unisaidie mbele ya Jumamosi. Jina langu usilitaje. Sema tu ni mama mumoja mwenye binti anayetafsiri jeu, ule muchezo wa mupelelezi, kwenye salle ya Jacques, na kama batu batajua ni mi, basi bajue, juu binti kama ule hapa Baraka iko mumoja tu.

Nieleze vizuri. Binti yangu anaitwa Divine, iko na miaka makumi mbili na tatu, anafundisha primaire ya tatu, Kifaransa anasema kama amezaliwa nayo, na Kiingereza alijifunza peke yake kwenye telefone yenye kioo kimepasuka. Mi niliishia primaire ya ine, baba yake Anatole anavua ndagala na kusoma kwake ni kusoma mawingu, sasa we uniambie ile akili mutoto aliitoa wapi kama si kwangu.

Jacques, mwenye salle ya kuonyesha mpira, alileta ordinateri na ndani yake iko jeu ya video ya zamani za Bazungu, wakati ya magari ya farasi na taa za gazi na ukungu mingi sana, mpaka unajiuliza bale batu balikuwa banaonaje mulango wa nyumba yao. Kuna inspekta mumoja murefu, koti yake inafika kwenye viatu, anatembea na kioo cha kukuza vitu na anatafuta nani ameua. Divine ndiye anashika souris, kale kapanya ka ordinateri, na kumutembeza ule inspekta, na palepale anatusemea yote kwa Kiswahili, na kila mutu anamupa sauti yake, tajiri anakohoa mbele ya kusema, mujane anaburuta maneno, mupishi anaongea kama shangazi yangu wa Makobola wakati bamemunyima kiti. Mbele ya Divine kuanza balikuwa banatafsiri banaume tu, na bale kazi yao ilikuwa kupiga kelele. Sasa batu banajaa mpaka kwenye madirisha, na mi nakaa mbele kabisa, kwenye kiti ya plastiki nilichotoka nacho kwangu, juu sitaki mutu aniambie hapa pamekaliwa.

Lakini Mama Espérance, zile hadithi ziko na desturi yao, na ile desturi ndiyo ilinipoteza. Inspekta anaingia kwa batu bila hodi, anafungua kabati, anasoma barua za benyewe, na hakuna anayemufukuza. Anakuangalia matope kwenye viatu anakuambia ulilala wapi. Rafiki yake anamufuata kila mahali na haelewi kitu, mi nilifikiri iko mugonjwa, Divine akanieleza kwamba ule amewekwa pale kwa kuuliza maswali yetu sisi. Mutu mwenye kovu kwenye uso, mwenye we unaona kabisa ni muuaji, si yeye. Ndugu ya marehemu aliyekosana naye juu ya nyumba, si yeye pia. Hadithi moja inachukua Jumamosi ine, na ile ya mwisho banakusanya batu bote kwenye salon ya marehemu, hakuna anayebapa hata maji, na inspekta anapita mbele yao akizunguka na maneno, anasema aliyeua iko kati yenu, halafu anazunguka tena. Kwetu mutu akifanya hivyo kwenye kikao ya familia bamama batamukalisha chini.

Hadithi ya kwanza ilikuwa ya tajiri mumoja wa mameli aliyekufa na sumu. Divine alikuwa anajizoeza nyumbani, mi niko naosha sahani, nikasikia kwamba aliyeua ni tantine mumoja, mama muzee, mupole sana, anayefuma tricot na kubapelekea batu chai. Nikasema kweli, na mi nilikuwa namupenda. Sasa Jumamosi ya tatu, salle imejaa, tantine akaingia na chai yake kwa mujane, mujane akanyoosha mukono. Nikasimama juu ya kiti, nikasema, "We mama, usikunywe! Ni yeye aliua bwana yako!"

Batu bakageuka bakaniangalia kama ni mi nilitia sumu. Divine akaachilia souris na inspekta akabaki anatembea akigonga kichwa kwenye ukuta.

Sasa uniamue. Kama unaona nyoka chini ya kitanda ya jirani, utamungojesha mpaka Jumamosi ya ine? Na kwetu mutu akileta habari ya kifo, anasema kwanza nani amekufa na nini imemuua, ndiyo batu balie vizuri. Hakuna anayefika pale kwenye kilio akasema subirini kwanza, angalieni viatu vyangu.

Lakini juu nimeomba shauri, nitasema yote. Ile haikuwa mara ya kwanza. Ule muuaji nilikuwa nimeisha kumutaja pale tunapoanika ndagala. Nilimutaja kwa bamama ba chorale. Nilimutaja kwa mutu wa moto, ile pikipiki, aliyenipeleka Lusenda, na ule hata hakuwa ameuliza. Haikuwa ubaya, Mama. Nilikuwa naanza tu kusema Divine wangu anatafsiri, Divine wangu anajua mambo yote mpaka nani ameua, batu banasema, eeh, kweli anajua? Basi jina linatoka peke yake.

Iko mama mumoja Murundi, rafiki yangu, anaitwa Kabura, anaishi kwenye camp ya bakimbizi ya Lusenda toka mwaka balipoifungua. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na bamama babili kumusikiliza Divine. Aliniomba vizuri, Mama Divine, usiniambie. Nikamwambia. Hakukasirika. Alifunga vizuri kitambaa yake ya kichwa akasema, "Kule camp siku zangu zote najua zitaishaje. Ile hadithi ndiyo ilikuwa kitu moja sijui." Halafu akapanda moto, na toka ile siku hajarudi.

Jumamosi ya ine balikuja batu saba, na babili kati yao balikuwa banangojea telefone zao zijae moto kwenye prise ya Jacques. Inspekta alikusanya batu bake kwenye salon, na nakwambia mule ndani ya ordinateri balikuwa bengi kuliko sisi kwenye mabanki ya kukalia. Divine alitafsiri mpaka mwisho, sauti zote, hakupunguza hata moja. Mi nililia, na si juu ya marehemu.

Hakunigombeza. Afazali angenigombeza. Sasa ananisemesha kupitia baba yake, tukikula anasema, papa, uombe mama chumvi, na mi niko pale, chumvi iko mbele yangu. Anatole alivumilia siku tano, ya sita akasema, "Mi ni muvuvi, si telefone," akabeba sahani yake akaenda kukula inje.

Jumamosi hii Divine anaanza hadithi mupya. Jacques amemwambia wazi kwamba kama mabanki yatabaki bure tena, ataachana na mambo ya inspekta na kurudisha mpira. Divine naye ametuma neno kupitia Anatole kwamba mi nisionekane pale. Mi mama yake, niliyemubeba. Na bamama ba chorale nimeisha kubaambia tutaketi pamoja na tutavaa pagne moja.

Na shida kubwa ni hii. Muuaji wa hadithi mupya namujua. Divine sasa anajizoeza kule kwenye masomo, alinikimbia, lakini alisahau cahier yake ya kuandika tafsiri kwenye meza, mi nilikuwa napangusa meza, cahier ikafunguka. Ikafunguka kwenye ukurasa wa mwisho. Toka ile siku sina usingizi, nikikutana na mutu naongea juu ya mvua tu, na juzi nilipita mbele ya mama pasteur nikiwa nimefunika mudomo na kitambaa, akaniombea juu alifikiri ni meno.

Nifanye nini, Mama Espérance? Nibaki nyumbani Jumamosi kama mutu wa kipindupindu? Niende tu, juu mutoto ni wangu? Na hili jina nilipeleke wapi?

Ni mi, mama ya mutafsiri.

Nimesahau. We uko mutu wa siri, kwako naweza kupumua kidogo. Aliyeua mara hii ni (maneno matatu yameondolewa na redio), na utashangaa sana, juu hata mi nilishangaa.

JIBU

Mama Divine, nakuita hivyo kwa sababu umeficha jina lako kama mutu anayejificha nyuma ya kamba ya nguo.

Naanza na pole. Nimesoma barua yako mara mbili na sikuona mahali popote mama mubaya. Nimeona mama ambaye furaha imemujaa hadi inamwagikia watu barabarani. Kuwa na mutoto anayejaza salle hadi madirishani si jambo dogo, na wewe uliyeishia primaire ya ine una haki ya kutembea kifua mbele.

Sasa nikugombeze. Unaniletea mambo ya nyoka na kilio. Nyoka anauma jirani wa kweli. Ule mujane wa kwenye ordinateri hakuna chai itakayomudhuru, alikufa au alipona tangu siku walipotengeneza ile jeu, na wewe unalijua hilo vizuri sana. Na habari ya kifo tunaisema haraka kwa sababu watu wanapaswa kulia. Kwenye salle ya Jacques hakuna anayekwenda kulia. Wanakwenda kutafuta. Ule inspekta anazunguka na maneno ili kila mutu kwenye banki apate wakati wa kukosea: huyu aseme ni mwenye kovu, ule aseme ni ndugu, wabishane njia yote wakirudi nyumbani, wabishane wiki nzima kwenye ndagala. Hiyo wiki ya kubishana ndiyo chakula chenyewe. Wewe ulikitafuna, ukawapa watu wameze.

Na kwa Kabura ulifanya vibaya zaidi, kwa sababu yeye alikuomba. Maneno aliyokuambia umeyaandika vizuri, kwa hiyo uliyasikia. Basi usinizungushe.

Unasema jina linatoka peke yake. Si kweli, mama. Hukuwa unataka watu wamujue muuaji, ulitaka wajue kwamba Divine ni wako. Wanajua. Baraka yote inajua, na kama kuna mutu hakujua, leo redio imemwambia. Ukitaka kujisifu, jisifu kwa sauti zake. Sema jinsi tajiri anavyokohoa. Sema ule mupishi anavyoongea kama shangazi yenu, watu wacheke, waulize salle iko wapi. Hapo umemusaidia mutoto na hukumufungulia mutu yeyote siri.

Leo hii, mbele ya chakula cha jioni, nenda kwa Divine wewe mwenyewe. Anatole umwache na sahani yake. Mwambie ulikosea, na umwambie pia ya cahier, kwa sababu cahier haifunguki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho, hata upepo wa ziwa hauna akili hiyo. Usimuletee sababu zozote. Halafu muulize kama unaruhusiwa kuja Jumamosi, na akisema hapana, utabaki nyumbani na utamupigia pasi nguo yake ya Jumamosi. Akisema ndiyo, kiti chako cha plastiki utakiweka nyuma kabisa, karibu na mulango, na utanunua karanga nyingi. Mutu mwenye karanga kinywani hataji muuaji.

Kesho asubuhi panda moto uende Lusenda. Mwambie Kabura hadithi ni mupya na kiti chake kiko mbele, pale ulipokuwa unakaa wewe. Akikuangalia kwa wasiwasi, usiape. Ongea naye juu ya mihogo, unyamaze, urudi. Atakuja kwa sababu ulinyamaza.

Sasa lile jina. Ulinitumia mimi, asante sana. Mimi pia nilikuwa nimepanga kwenda Jumamosi. Nilisoma barua yako nikiwa na chai mukononi, nikafika pale mwisho, na chai ikapoa. Bertin, fundi wetu wa redio, alikuwa anasoma juu ya bega langu, na tangu saa ile hanisemeshi. Ananiandikia kwenye karatasi.

Basi mbali na Divine tuko watatu tunaojua, na tutabeba pamoja Jumamosi zote ine. Kila siku, mukiisha kula, ingia chumbani, funga mulango, simama mbele ya kioo na ujizoeze kushituka. Mukono kwenye kifua, macho makubwa, kinywa wazi bila neno. Usizidishe, watu watakujua. Siku inspekta atakapomunyooshea mutu kidole, Divine ataangalia nyuma kukutafuta, na akukute umeshituka kuliko Baraka nzima. Mimi nitakuwa kando yako na Bertin, tumeshituka pia.