Fulana za Wino wa Fedha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Maendeleo yamefika Kharumwa, na yamekuja kama fulana. Enock, mtafiti kutoka Dar, ametuletea machimboni fulana zilizochapwa mistari ya wino. Ndani ya wino kuna nyuzi za madini ya fedha, nyembamba hata jicho halizioni, na zinapitisha umeme. Mchimbaji akivaa, mapigo ya moyo wake yanapanda kwa waya hadi juu, kwenye simu. Simu nimekabidhiwa mimi, mtu wa huduma ya kwanza. Kwa hiyo nina bandeji mbili na mtambo wa anga za juu.

Magogo mapya ya kushikilia kuta za duara, shimo letu la kuchimbia? Bado yako njiani.

Alhamisi, 6 Machi

Mchimbaji wetu Magesa kachoma fulana yake kwenye kikaango ili apate fedha. Kapata moshi. Enock akayainamia majivu kama yuko msibani. Magesa akamuuliza, kwa adabu zote, kama zile za mikono mirefu zina nyingi zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu Masalu leo amekufa. Kwa mujibu wa simu. Nikakimbia hadi mdomo wa duara nikipiga mayowe — akapanda ngazi mwenyewe, akauliza kama ugali umeiva. Mchana akafa tena.

Enock anasema wino ukikunjwa sana unapasuka, jasho linauharibu, na mimi fulana nimeifua kwa brashi. Kosa langu, kumbe. Fulana ya mchimbaji isiyotaka kukunjwa, jasho wala kufuliwa! Ingemfaa mgeni rasmi.

Jumanne, 11 Machi

Fulana mpya, wino umefunikwa kwa mpira mwembamba. Hizi hazifi ovyo. Masalu kasema ameshinda akipasua mwamba. Simu inasema moyo wake ulikuwa umelala. Nikamwonyesha. Eti teknolojia inavunja ndoa za watu. Tulicheka mpaka mwanetu Rebeka akaamka, akalia.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu jana. Asubuhi duara limetitia. Walikuwa wawili chini. Mmoja, yule kijana aitwaye Sikujua, ametoka, mguu umevunjika, nimemfunga. Masalu hajatoka.

Waya haujakatika. Kwenye simu kamstari kanapanda, kanashuka. Taratibu.

Chacha, msimamizi wetu, hataki mtu ashuke, udongo bado unateleza. "Mama Rebeka, kidude hiki kilimuua akiwa mzima. Leo nitakiaminije kinapomfufua?"

Nikamvuta Enock pembeni. Nikamuuliza kinaweza kuonyesha moyo usiopiga?

"Wino ukipasuka unanyamaza tu, dada. Hautungi mapigo." Kisha akaongeza chini chini: "Sidhani."

Nikamwambia Chacha mtaalamu amesema hautungi mapigo. Ile sidhani nikaimeza.

Wameshuka. Magesa wa kwanza, huyo huyo wa kikaango, kamba kiunoni. Mimi nimekaa na simu, naandika, mikono ipate kazi.

Kamstari kametulia.

Ni yeye au ni wino? Vyote vinanyamaza sawasawa. Enock ameona. Anatazama viatu vyake, msomi wa watu.

Udongo umemomonyoka tena, kidogo. Chacha anauliza kutoka ukingoni: "Mama Rebeka, bado anapiga? Niwatoe?"

Nimeigeuza simu kifudifudi kwenye khanga.

"Bado anapiga," nimemjibu. "Chimbeni."

Wanachimba.