Mwalimu Otto Luambano, Aliyezifuata Ngoma kwa Miguu Yake

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke hapa nyumbani Lizaboni, na bado tukisikia ngoma mtaani tunageuka kukutafuta.

Ulikuwa mwanahistoria wa ngoma, lakini kukaa na kuuliza maswali hukuwezi. Ukifika kijijini unawaamkia wazee shikamoo, unavua viatu, unampa Mama avishike, kisha unaicheza ngoma yao ya lizombe vibaya, makusudi kabisa. Wazee hawavumilii. "Wee mwalimu, unatuharibia!" Wanainuka kukuonyesha, na wakishainuka wanakusimulia yote: nani aliileta, ilichezwa wapi, nani alimpata mke humo. Ulikuwa mjanja, Baba, na walikupenda hivyo hivyo.

Nyumbani ulikuwa mpole. Chai ya tangawizi ulipika mwenyewe, na mara nyingi ukaimwaga mwenyewe, ukituonyesha hatua mpya katikati ya jiko. Tunakumisi sana.

Kilichokuuma mpaka mwisho ni kioda, ngoma ya kina mama wa Liuli. Sehemu ya kuagana, ile inayoifunga, alibaki kuijua Bibi Lidwina peke yake, naye aliacha kucheza tangu afiwe na mumewe. Kila ulipomwendea alikukaribisha ugali na samaki, lakini hakuinuka. Ulipoondoka tulijua akifariki naye, imekwenda.

Mwezi uliopita Mama alifunga safari na binti yako Frida mpaka Liuli kwa Bibi. Mama hajawahi kucheza maishani, na hakuhitaji makusudi yoyote. Aliicheza kioda mbele ya Bibi, akaivuruga kweli kweli. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. "Huyo mumeo yuko wapi aje akuone?"

Mama akamwambia. Bibi akajifunga khanga kiunoni.

"Wangu sikumuaga," akasema. "Inuka, mwenzangu. Tuwaage wote wawili."

Akaicheza yote, Baba, polepole, kamshika Mama mkono. Frida alirekodi kwa simu huku analia.

Wanaokukumbuka ni mkeo Walburga, wanao Frida, Goodluck na Violeth, mdogo wako Yohanes, na wajukuu wote. Bibi Lidwina naye ameomba awekwe humu kama ndugu. Jumapili baada ya Misa, Mama atakuaga kwa kioda, na Bibi yuko njiani kuja kumwitikia.

Hatutakusahau kamwe, Baba.