Sekunde Arobaini za Jamaa wa Kioo

Jumatatu, 1 Septemba

Nimetoka Daraja Mbili. Siku ya soko, matope mpaka kwenye soksi. Kinsi alikuwa amenitunzia filamu kwenye flashi — Jamaa wa Kioo, sehemu ya tatu. Jina lake la Kizungu ni refu kama ibada, hapa Ekerenyo hakuna anayelitaka. Jamaa akikasirika ngozi yake inageuka kioo, risasi zinateleza. Basi ni Jamaa wa Kioo. Jina hilo nililitoa mimi. Siku hizi hata watu wa Manga wanalitumia kana kwamba walizaliwa nalo.

Kinsi anauza filamu kwenye kona ya duka la mitumba la baba yake. Kizungu anakijua mpaka kile cha puani. Ananiambia mjini Kisii wameiona tangu Ijumaa na watu wanalia. Wanaume wenye ndevu. Nikamwambia watu wa Kisii mjini wanalia hata mvua ikinyesha.

"Ngoja ufike pale kwa mama yake," akasema. "Walahi utanyamaza, Osoro. Hata wewe."

Mimi ninyamaze. Mimi DJ Osoro, ninayejaza banda la video la Haron kila Jumapili saa nane. Shule niliachia kidato cha pili, lakini mwalimu wangu wa Kiswahili huja kunisikiliza. Anakaa nyuma, kofia imefunika macho. Ninamwona.

Simu ya mama bado imezimwa. Ujumbe wangu una tiki moja tu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeitazama mara mbili peke yangu bandani. Ndivyo ninavyofanya: naitazama na sauti yake, naandika mbele ya daftari hili nani anasema nini. Jumapili napunguza sauti, nashika maiki, nawasemea wote — jamaa, adui, mbwa, redio. Nyuma ya daftari naandika haya mengine. Haron mwenye banda anadhani daftari lote ni kazi.

Sehemu ya tatu ni hivi. Mbingu imetoboka. Mama yake Jamaa ni nahodha, anaingia na chombo chake ndani ya lile tundu ili alizibe. Wanaongea kwa redio. Halafu redio inakata. Jamaa anapiga magoti. Hakuna muziki, hakuna neno. Nimehesabu: sekunde arobaini za kimya kitupu.

Sekunde arobaini Ekerenyo ni nyingi mno. Nikinyamaza sekunde tano tu watu hupiga mbao za viti, wanadhani stima imepotea. Itabidi niweke kitu.

Nilingoja nilie kama wa Kisii. Wapi. Nilikula ndizi.

Jumapili, 7 Septemba

Banda lilijaa mpaka wengine wakachungulia kwenye nyufa. Nilikuwa moto. Adui nilimpa sauti ya chifu, watu wakaanguka. Chombo nilikiita tingatinga la mbinguni.

Halafu redio ikakata. Jamaa akapiga magoti. Banda zima kimya, na mimi sina kitu kwenye daftari. Nikasikia mdomo wangu unasema, sauti ya kike, ya mbali, yenye mikwaruzo: "Mwanangu. Network imepotea. Usilie, kula chakula. Nitapiga."

Watu walisimama. Walipiga mbao, wakapiga makofi, mama mmoja anayeuza njugu akasema "Amina". Obwocha wa bodaboda — shabiki namba moja, kofia yake ya pikipiki ameichora mistari ya kioo — alinibeba mabegani mpaka nje. "Mura, kijana," akasema, "hiyo ndiyo sinema."

Wote wana hakika sasa kwamba mama atarudi sehemu ya nne. Obwocha amewapa sheria: filamu za namna hii, kama hujaonyeshwa maiti, huyo hajafa. Akataja watano waliorudi hivyo. Hakuna aliyebisha.

Jioni baba aliniuliza kama mama amepiga. Tunamwita Tata, kwetu ndivyo. Mama alikuwa akipigaga Jumapili baada ya chakula. Nikasema bado. Tata akaenda kuangalia ng'ombe aliyekwisha kumwangalia.

Jumanne, 9 Septemba

Obwocha ameandikisha kwenye madigadi ya pikipiki yake, rangi nyekundu: NETWORK IMEPOTEA, NITAPIGA. Wenzake wawili wamemwiga. Nimekuwa mshairi wa barabara ya Nyamira.

Nilikunywa chai kwa mama mdogo Orpah. Ni mdogo wake mama, na ni shemasi, anayeamini banda la Haron ni sebule ya shetani. Chai iliniunguza ulimi. Nilijua baadaye, nilipouona umechubuka. Orpah akauliza yule ajenti wa Nairobi aliyempeleka mama kazini amesema nini. Nikamwambia: anasema tuvumilie, waajiri wa Uarabuni huchukua simu za wafanyakazi, ni kawaida. Orpah akarudia "ni kawaida", kama mtu anayeonja chumvi.

Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili ya tarehe tatu Agosti. Mama alisema anahamishiwa nyumba nyingine, yenye watoto sita. Alisema kichwa kinamuuma kidogo. Akaniuliza kama nimepaka viatu dawa. Ndiyo maneno yote.

Alhamisi, 11 Septemba

Daraja Mbili tena. Nilikuta vita dukani kwa Kinsi. Vijana watatu wa mjini walikuwa wakimlaumu kwamba amewauzia nakala iliyokatwa. Abiria wa Ekerenyo amewaambia huko kwetu mama anaongea baada ya redio kukata! Wanataka nakala ya Ekerenyo.

Kinsi alinitazama. Mimi nikatazama dari.

Walipoondoka akasema, "Wewe. Umemfufua mtu."

"Hajafa. Maiti iko wapi?"

"Osoro, pale ameshafariki. Ule ukimya ndio habari yenyewe. Mtu aliyetengeneza ile filamu amekuachia nafasi ulie, wewe ukaijaza njugu."

Nikamwambia kwamba kama watu wangetaka kulia wangekaa nyumbani. Akacheka. Akanionyesha kwenye simu: dunia nzima inagombana juu ya mama huyo. Wako wanaomtukana mwelekezi. Wako wanaosema mama yuko upande wa pili wa tundu, anazeeka polepole. Mmoja amechora ramani. Mwingine amekata nywele zote. Nikasema hao wote hawana DJ, ndiyo shida yao.

Halafu, sijui kwa nini, nikamwambia habari za mama. Kwa kifupi tu, kama mtu anayetaja bei. Kinsi akazima simu yake. Akauliza mji gani, mtaa gani, jina kamili. Nikamtajia mji na mtaa; jina, nikasema Nyanchoka. Akaandika. Ana binamu huko, Janat, anafanya kazi saluni mji uleule. Ataulizia. Akanipa chai yao ya viungo. Sikuonja kitu lakini niliimaliza.

Jumamosi, 13 Septemba

Sabato. Banda limefungwa. Kanisani walimwombea mama kwa jina, mstari mmoja na mgonjwa wa mguu na wanafunzi wa mtihani. Tata alibaki amesimama watu walipokaa. Nikamvuta koti.

Ugali na mboga za chinsaga. Nililala mchana kama gogo.

Jumapili, 14 Septemba

Kwa maombi ya wengi, Jamaa wa Kioo tena. Walikuwa wengi kuliko juzi. Walikuja hata wa Manga, wamebebana watatu watatu. Nilipofika kwenye redio hawakunisubiri — banda zima lilisema pamoja nami: "Network imepotea. Usilie, kula chakula. Nitapiga." Watoto kwa wazee. Mwalimu wangu pia, nilimwona mdomo.

Ningefurahi. Kifua kilikuwa kama godoro. Nilitamka tu.

Kijana mmoja wa mjini alikuwa ameketi mbele. Alisimama akasema mimi ni mwongo, ameiona ya kweli yenye maandishi chini, mama kafa na amezimika. Obwocha akamwambia akae, maandishi yameandikwa na nani? Naye alikuwepo kwenye tundu? Kijana akasema atarudi na wenzake Jumapili ijayo, na watakuja na ile ya maandishi, waone nani atacheka. Watu wakamzomea mpaka barabarani. Mimi sikumzomea. Nilikuwa nakunja waya.

Kinsi alinipigia jioni. Janat ameipata ile nyumba ya kwanza. Wamekataa kufungua, lakini dereva wa jirani amesema yule Mkenya alihamishwa mwanzo wa Agosti, akataja ni wapi. Ataenda kwenye hiyo nyingine Jumanne, siku yake ya mapumziko. Kinsi akasema, "Nitakuambia chochote atakachosema. Kiwe kizuri, kisiwe kizuri. Sawa, boss?" Nikasema sawa. Nikamuuliza kama atakuja kuniona nikiwaaibisha wa mjini. Akasema yeye na Ekerenyo wapi na wapi, afuate nini kwenye migomba.

Jumatano, 17 Septemba

Jana ilikuwa Jumanne. Kinsi hajapiga. Nimempigia mara mbili, inaita tu. Kinsi hushika simu hata akiwa na mteja, hata akitafuna.

Labda chaji.

Tulichuma majani chai na Tata mpaka saa sita. Alichuma safu yake, kisha akaingia safu ya mama, ambayo sasa si ya mtu. Kikapu changu kilijaa kwanza, nikamtania kwamba amezeeka. Akasema, "Ndiyo."

Ijumaa, 19 Septemba

Haron ameniita. Habari za Jumapili zimefika mpaka Nyamira, vijana wa mjini wamekodi gari. Anataka amani. Anasema safari hii nifanye ile ya kweli. Redio ikikata, ninyamaze sekunde zangu arobaini, au niseme wazi kwamba mama amekufa. Nichague moja.

"Ni neno moja tu, Osoro. Umeua maelfu kwenye banda hili. Juzi umeua sayari."

Kweli. Niliiua sayari kwa sauti ya kuku, watu wakashika mbavu. Nimewaua wanajeshi, mazimwi, marais watatu. Nimejaribu hilo neno nyumbani, nikiwa peke yangu, nikiwa nimeshika kijiko kama maiki. Linafika kwenye meno linakaa.

Nikamwambia Haron nitaona.

Kinsi kimya. Nilipiga namba ya dukani kwao, ya baba yake, akapokea, akauliza ni nani. Nikajitaja. Akasema kwa upole sana, "Kijana wangu, umekula?" Baba yake Kinsi hajawahi kunisalimu. Huwa ananifukuza nisiegemee nguo.

Nikasema nimekula. Simu ikakata, sijui nani alikata.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika nikiwa bandani, nyuma ya pazia la meza yangu. Filamu nimeisimamisha. Nimewaambia flashi imepata moto, tuipe dakika. Wanapiga mbao.

Nieleze kwa mpango.

Tumeanza saa nane. Wa mjini wako kulia, kumi na wanne, wamevaa fulana za Jamaa wa Kioo. Wetu wako kushoto na kila mahali. Nilikuwa vizuri. Nilimpa adui sauti ya Haron, Haron mwenyewe akacheka. Chombo kikaingia kwenye tundu. Jamaa akashika redio. Obwocha akageuka akaniangalia, kidole juu, kama mwalimu wa kwaya.

Redio ikakata. Jamaa akapiga magoti.

Ndipo mlango ukafunguliwa na mwanga ukaingia. Nikataka kutukana aliyefungua. Alikuwa mama mdogo Orpah. Na nguo zake za kanisani, leo Jumapili. Ameingia banda la Haron, yeye, akasimama. Kando yake Kinsi, amejifunga mtandio mweusi, viatu vimejaa matope ya huku.

Hawajuani. Mtu pekee Ekerenyo nzima anayewajua wote wawili ni mimi. Kinsi angefikaje kwa Orpah bila mimi? Lazima aliulizia barabarani: kwao Osoro ni wapi. Lazima alifika kwanza nyumbani. Basi Tata ameshaonana naye. Tata hayupo hapo mlangoni.

Orpah amemshika Kinsi mkono. Hakuna anayenipungia. Hakuna anayeniita nitoke. Wanangoja tu, kama watu wanaongoja ibada iishe ndipo waingie. Kwa jambo dogo Kinsi angepiga simu. Kwa jambo dogo Orpah angebaki nje akaniita kwa jina langu lote.

Nikabonyeza, picha ikasimama. Sekunde ya kumi na moja, nimeandika pembeni. Kwenye skrini Jamaa bado yuko magotini, mdomo wazi. Zimebaki ishirini na tisa.

Mwandiko wangu ni mzuri kuliko siku zote.

Haron amefungua pazia akaona naandika, akaona uso wangu, akalifunga taratibu. Wa mjini wanaimba "mwongo, mwongo". Wetu wanaimba ile nyingine, wanaikariri tangu mwanzo. Kalamu iko mkono wa kulia, maiki mkono wa kushoto, na maiki sikuizima, kwa sababu nasikia pumzi yangu kwenye spika, kubwa, inazunguka banda lote. Wameanza kuisikia na wao. Wananyamaza mmoja mmoja.

Amebaki Obwocha peke yake. "DJ," anasema, si kwa kelele. "Mama anasema nini?"