Jino Lililoacha Kuuma

Dada Paskalina,

Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha meno, hapa hospitalini Karatu mjini, na naogopa. Karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari la Anjela wako. Usinicheke mwandiko, naandikia kwenye goti. Mbele yangu wako wanawake watatu. Mlango ukifunguliwa akaitwa mwingine namshukuru Mungu, halafu naona aibu kwa kushukuru.

Ni gego, dada. La chini, la mwisho, upande wa kulia. Palepale lilipokuwa lako. Shavu limevimba tangu Jumapili, na chini ya taya kuna kitu kigumu nikigusa. Na nina mimba ya miezi mitano. Ungekuwepo ungejua kabla ya Fabiano, maana mume wangu huyo hata ng'ombe akizaa anaambiwa na majirani.

Mwaka unakaribia kutimia tangu tukuzike. Anjela anaishi kwangu. Shemeji bado yuko Oldeani kwenye mashamba ya kahawa, anakuja mwisho wa mwezi, anakaa, anamwangalia mwanawe, anaondoka. Mtoto yuko darasa la tatu, anakula vizuri, anasoma vizuri. Ila wiki hii kila asubuhi, akishavaa sare, anakuja jikoni ananishika shavu. Anashika, anaangalia, anakwenda shule. Jana ndiyo akasema: "Mama mdogo, mama naye alianza hivi hivi."

Weee, nilimfokea! Nikamwambia atachelewa kuchukua namba shuleni, aondoke mbele yangu. Alipotoka nikakaa chini pale pale kwenye majivu, nikalia mpaka uji ukaungua.

Unajua kwa nini nilifoka. Wewe unajua, na mimi najua, wengine wote kule kijijini kwetu Mbulumbulu hawajui.

Watu msibani walisema mengi. Walisema Paskalina alikuwa mwoga wa sindano. Walisema ulikuwa na aibu ya meno yako. Hilo la aibu lilikuwa na ukweli wake. Sote tumekunywa maji yale yale yanayotia meno rangi, sote meno ni ya kahawia, lakini wewe ndiye uliyeteseka nayo. Ulipokwenda kuomba kazi kambi ya watalii ulitaka kuhudumu mezani, wakakupeleka kufua mashuka. Ukaniambia, "Magdalena, walinitazama mdomoni kabla ya kunitazama cheti." Tangu hapo ukawa unacheka na upande wa kanga mdomoni, hata nyumbani, hata mkiwa wawili tu na mumeo. Nikikuambia twende ukaone daktari wa meno unasema, "Nikamwachamie kijana wa watu, naye acheke?" Nami nilicheka. Tulikuwa tunacheka hilo jambo, jamani!

Na yale mengine tuliyoyabeba toka kwa mama. Kwamba jino la juu limeshikana na jicho, ukilitoa jicho linakufa. Kwamba mama fulani wa kule juu aling'olewa akarudi kipofu, ingawa mimi sijawahi kumwona huyo mama, wala wewe hujawahi kumwona, wala mama mwenyewe hakuwahi. La kwako lilikuwa la chini, lakini uliogopa vilevile.

Hata hivyo ulikuwa unakwenda hospitali, dada. Hilo hawakulijua. Siku ile ulikuja kwangu asubuhi umevaa lile gauni la bluu la kanisani, umeoga, umejipaka mafuta, umesuka nywele. Ulikuwa umeshapita nyumbani kwa kijana wa bodaboda kumwambia akusubiri. Ukaniambia, "Nisindikize, peke yangu nitageuka njiani." Siku tatu kabla nilikuwa nimekutengenezea dawa mwenyewe: bonge la magadi, hayo hayo tunayopikia makande, nikalisaga, nikalichanganya na ugoro, nikakusokomeza kwenye tundu la jino kwa kijiti. Ulilia, ukatema, ukalala. Kulipokucha maumivu yakawa yamekwisha. Nilijisifu mpaka kisimani. Niliwaambia wanawake mimi ni daktari, waje.

Kwa hiyo siku ile nikakuuliza, "Linauma?"

Ukasema, "Haliumi. Ila naliona zito."

Nami nikasema, "Basi limekufa. Jino likiacha kuuma limepona, unakwenda kutafuta nini? Maharage yanapasuka juani, vua gauni twende shamba."

Ulisimama kidogo mlangoni. Nakumbuka ulivyosimama. Ukanitazama kama mtu anayetaka kubishana, halafu ukavua gauni, ukavaa langu la shamba, tukaenda kung'oa maharage mpaka jua likazama. Ulikuwa unafurahi! Ulifurahi kwa sababu nilikupa ruhusa ya kutokwenda. Mtu mwoga anasubiri mtu mmoja tu amwambie usiende, na mimi nilikuwa huyo mtu.

Wiki iliyofuata shingo ikajaa. Ulimi ukainuka, mate yakawa hayamezeki, yanatiririka tu kwenye kanga. Tulikupakia kwenye bodaboda katikati, mimi nyuma nimekushikilia, njia nzima nasikia unavyovuta pumzi kwenye mgongo wa yule kijana. Mvua ilikuwa imenyesha, tuliteleza mara mbili. Hapa walikupokea mbio, walihangaika nawe mpaka pumzi ikakatika, siwezi kuwalaumu. Daktari alitoka akaniuliza lini liliacha kuuma. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, jino kuacha kuuma si kupona. Linakufa, usaha unatafuta njia." Kisha akasema tungekuja wiki ile iliyopita ungelala kwako jioni hiyo hiyo.

Wiki ile iliyopita ulikuwa umevaa gauni la bluu.

Shemeji nilimwambia uliogopa. Mama nilimwambia uliogopa. Anjela aliponiuliza kwa nini mama hakwenda hospitali, nikamwambia hivyo hivyo: mama yako aliogopa. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Nimekusingizia wewe uliye kaburini kwa mwanao mwenyewe, Paskalina. Nisamehe.

Sasa sikia jambo la kutisha. Langu nalo liliacha kuuma. Jumatatu usiku mzima lilipiga kama nyundo, Jumanne likanyamaza kimya. Zamani ningefurahi. Safari hii nilijua usaha unatafuta njia. Nilimwambia mama mkwe nataka kuja kung'oa, akanyanyuka na Kiiraqw chake cha hasira: mjamzito hatolewi jino, damu ikifunguliwa juu na mtoto anafuata chini. Nikamgeukia Fabiano. Fabiano akasema, "Mimi hayo ni mambo yenu wanawake, ongea na mama," akachukua jembe akaenda zake. Mwanamume mkubwa vile!

Nikaenda kliniki ya wajawazito kama siku zote, nikamwuliza muuguzi kwa sauti ya chini, wengine wasisikie. Yeye akajibu kwa sauti ya wote. Akasema mjamzito anang'olewa, ganzi anachomwa, na miezi hii ya katikati ndiyo mizuri. Akasema kinachomdhuru mtoto ni ule usaha. Nimemwamini. Nimemwamini mchana. Asubuhi ya leo nilipoamka sikumwamini tena. Mtoto amecheza tumboni njia nzima, kila shimo la barabara nasema ni huyu anatoka. Nyumbani nimedanganya nakwenda kupima presha.

Wamebaki wawili. Huyu aliyetoka sasa hivi ameshika pamba mdomoni, machozi yamemlenga, lakini anatembea. Nimemtazama macho yote mawili. Yanaona. Amenipungia hata mkono, hanijui.

Naogopa sindano. Naogopa damu. Naogopa mama mkwe akijua, na mtoto huyu akidhurika nitasema nini. Naogopa zaidi kwamba pale mlangoni hakuna wa kunishika mkono, na nikipata mtu mmoja tu wa kuniambia haliumi, rudi nyumbani, nitarudi mbio. Ndiyo maana sikumwomba mtu yeyote anisindikize. Nimekuandikia wewe.

Ameitwa wa mwisho aliyekuwa mbele yangu. Nafuata mimi.

Pumzika, dada yangu. Siku ya kumbukumbu yako nitakuja na Anjela tupalilie kaburi, lile jani la pembeni limeota sana tangu mvua zianze. Nami nakuahidi hili, na Mungu ananisikia hapa kwenye benchi: nikitoka humo ndani, jioni ya leo, hata kama mdomo umejaa pamba, nitamkalisha mwanao nimwambie ukweli. Kwamba mama yako alikuwa ameshavaa. Kwamba mama yako alikuwa anakwenda, na mimi ndiye niliyemrudisha. Akinichukia, anichukie nikiwa hai.

Wananiita.

Mdogo wako,
Magdalena