Mahindi Mekundu ya Mama

Nyakitonto, Jumapili, 9 Novemba 2014. Asubuhi ukungu mzito hadi kwenye migomba, kisha manyunyu. Jua limetoka baada ya ibada.

Mwakeye, Mama,

Nakuamkia kama zamani, ila leo kwa kalamu. Mahindi yako mekundu yameota. Shamba lote la juu, mstari kwa mstari. Nilitaka wewe ujue kwanza.

Hujui jinsi nilivyoogopa.

Unakumbuka watu wa bondeni walipoanza kulalamika juu ya dumuzi, yule mdudu mdogo anayegeuza hindi kuwa unga? Bwana shamba alikuja akatuambia ni mdudu mgeni, aliingia nchini kutoka ng'ambo, na sasa anapanda milima. Ulimpa ndizi mbivu ukasema, "Huyo ni wa joto. Akifika huku mwambie avae sweta." Tulicheka sote, na bwana shamba naye.

Tulipokuzika mwezi wa sita, Shangazi alifunga mlango wa ghala lako kwa kamba. Kwetu akiba ya marehemu haiguswi mpaka siku ya kumaliza msiba, na hakuna aliyebisha. Vumbi jeupe lilikuwa likidondoka chini ya ghala. Tulidhani ni la barabarani.

Siku ya kumaliza msiba Shangazi akafungua mbele ya watu. Mama, mahindi yalikuwa yananing'inia vilevile ulivyoyafunga, mawili mawili kwa maganda yake. Ukiyagusa, unabaki na gunzi na unga mkononi. Hata fito za ghala zilijaa matundu. Shangazi alikaa chini, akasema, "Wifi, tumekufungia adui ndani."

Nilichambua punje zilizoonekana nzima, nikazifunga kwenye kitambaa kibichi. Haikuota hata moja. Mbegu uliyopewa na bibi, inayostahimili baridi ya kule juu kuliko zote za dukani. Nililia kuliko siku ya mazishi. Nisamehe, au labda kilikuwa kilio kilekile.

Kisha akaja rafiki yako Mama Evodia kutoka Munanila. Alikuwa mgonjwa, hakuweza kuja msibani. Nilipomweleza, alicheka. Nilikasirika, Mama, nikataka kumwacha pale uani peke yake. Akanishika mkono. "Mwanangu, si alikuwa ananipa mbegu kila msimu huku akinisema?"

Nikakumbuka. Yeye hupukuchua mahindi, huyakausha sana, huyajaza hadi shingoni kwenye madumu ya mafuta ya kula, kisha hukaza kifuniko ili mdudu akose hewa. Nawe ulikuwa ukimwambia, "Mama Evodia, hayo mahindi au mafuta ya taa? Utakuja kutuunguza." Naye hukujibu, "Ngoja baridi yako ikulindie yako."

Nilikwenda naye Munanila. Alifungua dumu moja, akamimina kwenye ungo. Punje nyekundu, nzima, zinang'aa. Akasema, "Chukua. Nilikuwa namtunzia, ila angejua angenisumbua."

Ghala tumelivunja na fito tumezichoma. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeleta kiberiti. Amewaambia wanaukoo kwamba kuanzia sasa, mtu akifa, chakula chake kikaushwe na kufungiwa vizuri kwanza, ndipo watu wakae matanga. "Marehemu hatachukia," alisema, na wazee wakanyamaza. Unajua wao wakinyamaza wamekubali.

Dumuzi bado yupo. Nimemwona hata kwenye miti mikavu kule juu ya chemchemi, wala sidhani kama atarudi bondeni. Lakini leo nilisimama shambani, majani yana matone ya mvua, nikahisi kifua kimelegea. Tangu mwezi wa sita sikuwahi kuvuta pumzi namna ile.

Nakuahidi, Mama: mbegu hii haitalala tena katika nyumba moja tu. Kila mavuno nitapeleka sehemu Munanila mwenyewe, hata njia ikiwa matope, na nitakaa na Mama Evodia mpaka amalize utani wake.

Pumzika sasa. Shamba lina mtu.

Mwanao, Anitha.

Saa tatu na robo usiku. Nazima taa, nalala.